Uzoefu wangu: Noctua NF-P12 redux na DeepCool AK400 kwenye chumba cha nyuzi 31

Nianze na linalomhusu anayetaka kutoa hela: feni nzuri ya kompyuta ukiichomeka na kuiacha hivyohivyo, itakupigia kelele karibu sawa na ile uliyoitoa. Kinacholia ni kasi. Mizunguko ya feni ikishuka hadi nusu, sauti inapungua kwa takriban desibeli 15, na hapo hata aliyekaa kitandani anaona tofauti. Ukiongeza feni ya pili ya aina ileile kwa kasi ileile, sauti inapanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo mbili za polepole zina ukimya kuliko moja inayokimbia, na ndiyo sababu nilinunua mbili za mbele.

Mashine ni kompyuta ya mezani yenye Core i5-12400, prosesa ya wati 65 ambayo ikikazwa inaruhusiwa kufika wati 117. Kipoza kilichokuja nayo kwenye boksi nimekitoa, nikaweka AK400. Mbele kuna feni mbili za Noctua NF-P12 redux-1700 PWM zinazovuta hewa, nyuma feni moja inayotoa. Chumba hakina AC, kina pangaboi.

Hilo pangaboi lizime kabla ya kutafuta chanzo cha kelele, maana linafunika kila kitu. Fungua ubavu wa kasha, kunja karatasi iwe bomba, ncha moja sikioni, nyingine ielekeze kwenye feni mojamoja. Ukiishuku moja, bonyeza taratibu kitovu chake kwa kidole, pale penye stika na si kwenye mapanga, isimame sekunde mbili tatu. Kelele ikikatika, umempata. Sauti ya upepo ni kasi, inatibika kwa mpangilio. Sauti ya kukwaruza au kri-kri ni beringi imeliwa, hiyo ni ya kutupa. Mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika ukivuta ukurasa juu na chini hautoki kwenye feni kabisa, unatoka kwenye koili za umeme, na feni ya bei yoyote haitauondoa.

Sasa suala la plagi, ambapo hela nyingi zinapotea. Feni zangu za awali zilikuwa zile za taa za rangi zinazouzwa kwa seti Kariakoo. Zilichomekwa kwenye molex, plagi kubwa inayotoka moja kwa moja pawa saplai. Hapo feni inapata volti 12 muda wote na mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, haina mamlaka nayo, hata ukibadilisha nini kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapowaka. Zinapendeza, lakini ni kama gari lisilo na breki. Unachotaka ni feni ya plagi ndogo ya pini nne: pini ya nne ndiyo inayobeba amri ya kasi. Ya pini tatu nayo inafaa, ila kasi yake inapunguzwa kwa kushusha volti, hivyo kwenye BIOS lazima uchague DC. Ukiiacha kwenye PWM, ile amri ya pini ya nne, itakimbia mwendo wake wote, na wengi hapo hudhani feni ni mbovu. Usiamini sana neno Auto, chagua mwenyewe.

NF-P12 redux-1700 inafika mizunguko 1,700 kwa dakika na inaweza kushuka hadi takriban 450. Kiwandani wanaiandikia desibeli 25.1 ikiwa kwenye kasi ya juu. Kwangu haifiki huko, inakaa karibu na 700, na kwa umbali wa mkono haisikiki ila chumba kikiwa kimya kabisa. Ni ya kijivu, haina taa hata moja, na kwenye boksi unapata skrubu nne tu. Raba za kuzuia mtetemo zinauzwa kando. Mimi nilikata vipande vya raba ya tyubu ya baiskeli, milimita 2 hivi, nikaviweka kwenye kona nne kati ya feni na bati. Ule mngurumo wa bati la mbele ukaisha. Skrubu hizi zinajichongea njia zenyewe kwenye plastiki, kwa hiyo ikianza kuwa ngumu simama, ukikaza kwa hasira kona inapasuka. Na angalia upande: hewa hutokea upande wenye vile vigingi vinavyoshika mota. Nimewahi kuona mashine ya fundi ambayo feni ya mbele na ya nyuma zote zilikuwa zinatoa.

AK400 ina mirija minne ya shaba na feni ya sentimita 12 inayozunguka kati ya 500 na 1,850. Pima kasha kwanza, maana ina kimo cha milimita 155 na makasha mengi membamba hayaipokei. Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, niliitoa kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichotoa nyuzi, nikasubiri pakauke. Pesti mpya, tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati, mengine manne madogo kwenye kona, kwa sababu prosesa za kizazi hiki ni za mstatili na tone moja huacha ncha wazi. Kaza skrubu mbili kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza kipoza kinalala upande, joto linapanda na feni inakimbia, unarudi ulikotoka.

Sasa mpangilio, na hapa Dar ina mambo yake. Ukinakili namba za mtu wa Ulaya utajuta. Prosesa haiwezi kupoa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi moja ya chumba inaongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Yeye chumba chake kina nyuzi 21, changu Februari kina 31. Akisema feni ianze kupanda kwenye 50, kwangu itakuwa inapanda na kushuka mchana kutwa nikiwa nimefungua barua pepe tu. Huko kupanda na kushuka kunaudhi kuliko sauti ya juu isiyobadilika. Nilisogeza kila kitu nyuzi 10 mbele. Feni ya prosesa iko asilimia 35 ya kasi yake hadi nyuzi 62, asilimia 50 kwenye 72, asilimia 70 kwenye 82, na mwendo wote kwenye 90. Prosesa hii inajilinda yenyewe ifikapo 100, kwa hiyo 80 wakati wa kazi nzito si msiba. Za mbele zikae asilimia 40 bila kubadilika hadi nyuzi 75.

Halafu tafuta kwenye BIOS muda wa feni kuchelewa kuitikia joto, weka sekunde 4 au 5. Joto la prosesa linaruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja ukifungua programu, kisha linarudi, na hakuna haja ya feni kulikimbiza. Mazabodi yako isipokuwa na mpangilio huo, programu ya bure iitwayo FanControl inaufanya ndani ya Windows. Lililosaidia zaidi ya yote hayo halikuwa feni: mazabodi nyingi huacha prosesa itumie wati zote bila kikomo. Kwenye BIOS niliweka kikomo cha umeme wa prosesa kwa kazi za muda mrefu kuwa wati 65. Kazi ndefu inachelewa kidogo, feni inatulia sana.

Vumbi la Dar lina unyevu na chumvi ya bahari ndani yake, kwa hiyo halipeperuki, linaganda kwenye mapezi ya kipoza. Blowa peke yake haitoshi kama umeacha mwaka mzima, anza na brashi laini ya rangi. Shika mapanga yasizunguke unapopuliza, maana yakikimbizwa kupita kasi yake beringi inaumia. Mimi nasafisha kila miezi mitatu, wa karibu na barabara ya vumbi afanye kila mwezi. Acha angalau sentimita 10 kati ya mgongo wa kasha na ukuta.

Pawa saplai usiifungue kwa ajili ya feni yake, kapasita zake hubaki na umeme hata ukishachomoa waya. Kama yenyewe ndiyo inayolia, badilisha nzima.

Wenye Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, ambazo mjini ndizo nyingi, wasikurupuke kununua feni hizi. Dell nyingi zina plagi ya aina yake ambayo feni ya kawaida haiingii. HP zikikosa feni ya kasha husimama wakati wa kuwaka na kuandika kosa 512. Kwenye EliteDesk nyingi ingia kwanza BIOS, sehemu ya Thermal, ushushe kasi ya chini ya feni. Haina gharama.

Na kelele ikirudi ghafla baada ya umeme kukatika, usianze kufungua skrubu. Angalia saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imekufa na BIOS imesahau mpangilio wako wote. Namba zangu nimeziandika kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mfuniko wa kasha.