Kirusi cha shotikati nimekitoa kwa Microsoft Defender: uzoefu wangu kutoka Uyole

Wakuu, kama laptopu yako ina Windows 10 au 11, dawa ya kwanza ya virusi unayo tayari na hujailipia hata senti. Naizungumzia Microsoft Defender, ile alama ya ngao inayokaa chini kulia kwenye skrini. Mimi imenitolea kirusi, mafaili yote yamebaki, na window haikupigwa, yaani Windows haikufutwa na kuwekwa upya. Mapungufu inayo, nayo nitayataja.

Hapa nyumbani Uyole, Mbeya, laptopu ni moja. Mama watoto ni mwalimu. Mitihani anaichapa hapa, halafu anaenda na flashi steshenari kuprinti. Anayezijua steshenari za Mbeya mjini mwisho wa muhula anaelewa: walimu wamejaa, kompyuta moja, flashi zinachomekwa na kuchomolewa asubuhi hadi jioni. Jioni moja aliporudi, kila folda kwenye flashi ilikuwa na kimshale pembeni, alama ya shotikati (njia ya mkato), si folda yenyewe. Ukiibofya, dirisha jeusi linatokea na kupotea papo hapo, halafu folda inafunguka kama kawaida. Ujanja wenyewe uko hapo. Kwa kuwa inafunguka, mtu anaendelea na kazi zake, kumbe ameshakiruhusu kirusi kuhamia kwenye kompyuta.

Laptopu ikawa nzito. Feni inavuma hata kama hakuna kilichofunguliwa, na kwenye kona ya skrini vikaanza kuchomoza vitangazo vya "kompyuta yako ina virusi, bofya hapa usafishe".

Niliipeleka kwanza kwa fundi Mwanjelwa. Akaitazama kidogo tu, akasema, "Mkubwa, hii tupige window, kesho asubuhi unaichukua." Kazi yake ni hiyo, na kuna wakati kweli hakuna njia nyingine. Lakini kupiga window mara nyingi maana yake ni kufuta drive C yote, pamoja na picha na nyaraka zilizoko kwenye desktopu. Halafu window nyingi za mitaani ni za kukreki, yaani zimefunguliwa kwa ujanja bila leseni, na vile vipogramu vya kukrekia huwa vinakutaka uzime Defender kwanza. Na flashi je? Itabaki na kirusi chake, siku ukiichomeka mnaanza upya. Nikamshukuru, nikarudi na mzigo wangu Uyole.

Nyumbani nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili nione kinachoendeshwa. Katikati ya orodha nikakuta wscript.exe. Hiyo yenyewe ni programu halali ya Windows, kazi yake ni kuendesha skripti. Ila kwenye kompyuta ya kuchapia mitihani na kuangalia mpira, ya nini?

Nikafungua Defender, nikaisasisha kwa bando la simu, kisha nikazima data. Kabla ya kuskani, angalia sehemu ya Exclusions, yaani orodha ya mafaili na folda ambazo Defender imeambiwa isiziguse. Virusi na vipogramu vya kukreki hupenda kujiandikisha humo. Ukikuta kitu usichokijua, kitoe.

Sasa uhondo wenyewe: Microsoft Defender Offline scan. Wengi hawajawahi kuibofya kwa sababu imefichwa chini kwenye Scan options. Ukiichagua, kompyuta inajizima na kuwaka upya bila kuingia kwenye Windows. Unaona dirisha la Defender peke yake na mstari wa kijani unaojaa taratibu. Faida yake ni kwamba kirusi kinachoamka pamoja na Windows kinakutwa bado kimelala, hakina nafasi ya kujificha wala kupigana. Inachukua kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, na hakikisha betri ina chaji, maana umeme wetu mvua ikinyesha mnaujua.

Ilipowaka tena nikaenda Protection history, na jina likawa hapo: Worm:VBS/Jenxcus. Mdudu wa zamani huyo. Mwaka 2014 Microsoft walikwenda hadi mahakamani Marekani kuvunja mtandao uliokuwa ukimtumia, na bado anazunguka kwenye flashi zetu. Kinachotisha kuhusu Jenxcus ni kwamba anamfungulia mtu wa mbali mlango wa kuiendesha kompyuta yako na kuchukua taarifa. Kwa hiyo nywila za barua pepe tulizibadilisha usiku uleule, kwa kutumia simu.

Flashi nikaichomeka, nikabofya kitufe cha kulia na kuiskani peke yake. Zile shotikati zikaondolewa, flashi ikaonekana tupu kabisa. Mama watoto akashika kichwa, "Baba, mitihani ya Kidato cha Pili iko wapi?" Ilikuwepo. Kirusi huzificha folda halisi, na Defender inaua kirusi lakini haizifichui. Hili ndilo pungufu lake kubwa, na hapa ndipo watu wanapofomati flashi yenye kazi zao zote. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi yangu. Weka ya kwako. Bonyeza Enter, subiri. Folda zikarudi moja baada ya nyingine, na jikoni nikasikia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Vile vitangazo vya kwenye kona viliendelea, na hapo usiilaumu antivirusi yoyote. Si virusi, ni arifa za tovuti ambayo mtu aliibofyea "Ruhusu" alipokuwa akitafuta mpira wa bure. Kwenye Chrome nenda Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Ondoa kila tovuti usiyoijua. Kwetu zilikuwa na majina ya ajabu ajabu, na zilipoondoka kukatulia.

Kwa kujiridhisha niliweka pia Malwarebytes. Ukiiweka inakupa majaribio ya siku 14 yenye ulinzi wa muda wote, baada ya hapo ile ya bure inabaki ya kuskani pale unapoiamuru mwenyewe. Inafaa kama jicho la pili. Kwangu iliokota masalia ya kigeuza PDF kilichokuwa kimejiingiza kwenye brauza. Kuinunua sioni haja kwa matumizi yetu.

Wenye Windows 10: Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila wamesema orodha za virusi za Defender zitaendelea kuja hadi Oktoba 2028. Ngao itakuwepo, matundu ya Windows yenyewe ndiyo hayatazibwa usipojiandikisha kwenye mpango wao wa masasisho ya usalama ya nyongeza (ESU).

Kijana wa steshenari tulimpa taarifa. Kompyuta yake bado hajaisafisha, anasema wateja ni wengi, kwa hiyo mama watoto sasa anamtumia PDF kwa WhatsApp na flashi inabaki nyumbani.