Eleroni za jeti ya rimoti: upunguze mwendo kwa tundu au kwa menyu?

Eleroni, yaani kipande cha nyuma ya bawa kinachoiinamisha ndege ubavu, ikipanda kupita kiasi, njia ni mbili: uhamishe waya unaoisukuma hadi tundu jingine kwenye mkono wa servo (mota ndogo inayouvuta waya huo), au uingie kwenye menyu ya rimoti ushushe asilimia ya mwendo wa servo.

Ya menyu ni kazi ya dakika, ndiyo maana inakimbiliwa. Lakini ukishusha hadi asilimia 50, servo inatumia nusu tu ya mwendo wake. Hatua ndogondogo inazoweza kusogea zinapungua, na ulegevu wa gia unafika kwenye eleroni vilevile ulivyo. Kwa jeti hilo si mchezo: kasi ikipanda, eleroni iliyolegea huanza kutetemeka, na mtetemo ukishika unaweza kuing'oa.

Ukirudisha waya tundu la ndani, lililo karibu na kitovu cha mkono, servo inazunguka mwendo wake wote, na nguvu inayofika kwenye eleroni inaongezeka. Inataka bisibisi na subira, maana servo ikiwa katikati, yaani ikipokea ishara ya mikrosekunde 1500, mkono na waya lazima viwe pembe mraba. Ukiwa hapo kagua ncha za waya. Hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na chuma.

Mimi naanza na tundu. Menyu naiachia marekebisho madogo, tuseme kati ya asilimia 90 na 110.