Filamu tatu za Kaurismäki: uzoefu wangu

Nilizipata kwenye mitumba hapa Helsinki, DVD tatu kwa yuro 9: Le Havre (2011), The Other Side of Hope (2017) na Fallen Leaves (2023), zote za mwongozaji Aki Kaurismäki. Diski ya Le Havre inakwamakwama mpaka uifute kwa kanga. Muuzaji aliapa ni nzima. Haya.

Mfini huyu anasifika kwa filamu za watu wapweke, lakini usitegemee machozi. Watu wake hawalii wala hawapazi sauti. Wanavuta sigara na kukodolea ukuta. Nilimwonyesha dada yangu wa Tanga kipande kwa simu, akauliza, "Hawa wamenuniana?" Wala, dada. Hapo wanapendana.

Iliyonikaa moyoni ni Fallen Leaves. Ansa, aliyefukuzwa kazi supamaketi kwa sababu ya chakula kilichopitwa na tarehe, anamwalika mwanamume chakula cha jioni. Kabla mgeni hajafika, anakwenda dukani kununua sahani moja, uma mmoja, kisu kimoja. Nyumbani ana vya mtu mmoja tu. Nilisimamisha filamu nikaenda kufungua kabati langu. Sahani mbili, moja ina ufa. Mimi, niliyekua nikila sinia moja na ndugu watano!

Katika The Other Side of Hope, Khaled, Msyria, anaibuka kutoka kwenye lundo la makaa ya mawe melini, kisha anakwenda polisi mwenyewe kuomba hifadhi. Anaambiwa Aleppo, mji alikotoka, si hatari kiasi hicho. Baadaye televisheni inaonyesha mabomu yakianguka kulekule. Aliyewahi kungoja barua ya kibali atacheka, ila kicheko chenyewe kitamkwama kooni.

Le Havre ndiyo niliyogombana nayo. Idrissa, mtoto wa Gabon, anafika Ufaransa ndani ya kontena akielekea London, na mtaa mzima unamficha: mng'arisha viatu, mwoka mikate, mwenye baa. Inapendeza. Lakini madeni ya yule mng'arisha viatu na ugonjwa wa mkewe nimevijua kuliko nilivyomjua mtoto. Anapokezwa mkono kwa mkono kama mzigo wa thamani, na mzigo hauulizwi unawaza nini.

Nyota nne. Anayeanza aanze na Fallen Leaves, dakika 81 tu, na aiangalie usiku mtaa ukishatulia. Le Havre yangu naiazimisha kwa yeyote mwenye kanga.