Kombi ya 1974 na bushi za gia: tathmini ya gereji moja ya Maweni, Malindi

Kwa miezi mitatu niliendesha Kombi yangu ya mwaka 1974, lile gari la Volkswagen lenye umbo la basi dogo, kwa kubahatisha. Nilipokuwa nikirudi kutoka Mambrui na kukaribia daraja la Sabaki, nikiuvuta mkono wa gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, mara nyingi ulinitupa kwenye ya nne, gari likatetemeka na kukosa nguvu huku matatu zikinipigia honi kwa nyuma. Gia ya kurudi nyuma, ambayo katika gari hili hupatikana kwa kuukandamiza mkono chini, kuupeleka kushoto kabisa na kisha kuuvuta, ilinichukua majaribio matano au sita kila asubuhi. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinieleza, bila mtu yeyote kuinama kutazama chini ya gari, kwamba giaboksi imekufa na ni lazima ishushwe.

Fundi wa Maweni, ambaye gereji yake ni kibanda cha mabati kando ya mwarobaini, alianza kwa jambo ambalo kwangu latosha kumpa sifa. Alizima injini, akaketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga klachi na kuzipitia gia zote, moja baada ya nyingine, taratibu. "Ami," akaniambia, "lau zingeingia injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inanguruma, ningeishuku klachi. Hizi zakataa hata kwenye kimya. Tatizo liko njiani, halijafika kwenye giaboksi." Kisha akamwambia kijana wake auchezeshe mkono wa gia, naye akaingia chini na kuniita nilale kando yake juu ya kipande cha katoni ili nione kwa macho yangu. Mkono ulikwenda upana wa vidole vinne kabla fimbo inayouunganisha na giaboksi haijasogea hata kidogo. Ilichofanya ni kuzama na kuinuka ndani ya tundu lake.

Asiyelijua gari hili atashangaa kwamba bushi, pete ndogo ya plastiki ambamo fimbo hupita, yaweza kuleta taabu yote hiyo, lakini sababu yake ni wazi. Injini na giaboksi za Kombi ziko nyuma, ilhali dereva ameketi mbele kabisa, juu ya magurudumu, kwa hiyo amri ya mkono wake husafirishwa na fimbo ndefu inayopita chini ya sakafu kutoka mbele hadi kwenye giaboksi. Fimbo hiyo hufanya kazi mbili: huzunguka ili kuchagua njia ya gia, na husogea mbele au nyuma ili kuiingiza. Bushi ndizo zinazoishikilia iende sawa, na kule mwisho, inapoungana na giaboksi, kuna kiungo chenye bushi zake za kupunguza mtikisiko. Bushi ikilika, kila mzunguko wa fimbo hupungua njiani, na dereva aliyekusudia njia ya kushoto hujikuta katika ya kulia.

Bushi ya mbele ilipotoka, fundi aliniwekea kiganjani. Tundu lake, lililopaswa kuwa duara, lilikuwa na umbo la yai, upande wa chini umebaki mwembamba kama ganda la ukwaju, na grisi ya zamani ilikuwa imechanganyika na mchanga hadi ikageuka msasa. Nilipoipangusa kwa kidole nilihisi chembe za mchanga wa pwani yetu, ambao pamoja na unyevu wa chumvi haulisamehi gari lolote linaloegeshwa karibu na bahari.

Kipuri chenyewe kiliagizwa Mombasa. Kombi ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950 na Brazili haikuacha kuiunda hadi mwaka 2013, na nadhani umri huo mrefu umetusaidia sana sisi tulio na magari haya. Nilimwuliza fundi kama haingekuwa bora kukereza bushi ya shaba, idumu zaidi. Alikataa, akaeleza kwamba shaba juu ya chuma italeta kelele hadi ndani ya gari na kuila fimbo, ambayo ni ghali kuliko bushi. Naliunga mkono jibu hilo kabisa.

Kazi aliifanya kwa uangalifu. Aliliweka gari juu ya stendi za chuma na kuzuia magurudumu kwa mawe. Hakuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, jambo ambalo nimeliona katika gereji kubwa kuliko yake. Aliisafisha fimbo kwa dizeli, akaipaka grisi mpya, akabadilisha bushi za mbele na za kiungo cha nyuma, na skrubu ya kiungo akaifunga kwa waya isije ikalegea. Mwisho, gia ikiwa kwenye ya pili, alilisogeza bamba dogo lililo chini ya mkono wa gia, kidogo kidogo, mpaka gia ya kurudi nyuma ikawa haiingii ila kwa kukandamizwa. Hapo alitumia karibu saa nzima, na ndipo mafundi wengi huharakisha.

Nililipa shilingi 7,800, kipuri na kazi pamoja. Kasoro zipo: niliahidiwa gari Jumatatu nikalipata Jumatano, na risiti ilikuwa na jumla tu bila kutenganisha bei ya bushi na ya kazi. Pia mpira wa kuzuia vumbi pale kwenye giaboksi ulirudishwa ukiwa na ufa, kwa sababu haukuagizwa pamoja na bushi, na kwa mchanga wetu huo ni upungufu wa kweli. Ameuagiza sasa, na ukifika nitalirudisha gari Maweni. Kwa sasa, nikifika Sabaki na kuitaka ya pili, naipata ya pili, kwa vidole viwili.