Darasa la picha na sayansi baada ya shule, Entebbe: maoni ya mzazi

Wazazi wenzangu hapa Entebbe wananiuliza kama lile darasa la jioni la kupiga picha linastahili ada ya shilingi 120,000 kwa muhula. Linastahili, na sababu kubwa ni kwamba watoto hawaanzi na kamera.

Wanaanza na boksi la viatu. Upande mmoja wanatoboa tundu kwa sindano, upande wa pili wanabandika karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, kisha mtoto anajifunika kanga kichwani na kuelekeza tundu nje. Mwembe wa uani unatokea pale kwenye karatasi na rangi zake zote, kichwa chini. Mwalimu hana haraka ya kueleza. Anawaambia watanue tundu waone: mwanga unazidi, lakini mwembe unapoteza ukali wake. Wakishabishana vya kutosha wanafika wenyewe kwenye jibu, kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo unaotoka juu ya mti unatua chini ya karatasi. Hapo ndipo anawatajia Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa zamani aliyelichunguza jambo hili yapata miaka 1,000 iliyopita.

Mimi ni fundi cherehani hapa Entebbe, mtaa wa Kitoro, nashinda na vitambaa, kwa hiyo kilichoniteka zaidi ni zile picha za buluu. Karatasi inapakwa dawa yenye chumvi za chuma na kukaushwa gizani. Juu yake unalazwa jani changa la mpapai na kipande cha kioo, halafu inatolewa juani. Palipopigwa na jua, dawa inageuka na kung'ang'ania karatasi. Chini ya jani haigeuki, na ukiisuuza kwa maji inaondoka. Unabaki na jani jeupe kwenye buluu iliyokolea. Njia hii ni ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel, ya mwaka 1842, na haihitaji lenzi wala umeme. Binti yangu alitoa karatasi kadhaa juani kwa muda tofauti, akaandika nyuma ya kila moja dakika ilizokaa na kama wingu lilipita. Uandishi ule umenifurahisha kuliko picha zenyewe. Sasa anataka kujua kwa nini vitenge ninavyotundika mlangoni hupauka upande wa barabarani, na amefunika nusu ya kipande kimoja kwa kadibodi ili apime.

Kamera zinakuja mwishoni. Wanapiga picha za mnana wakisuka viota: kamera ikifunguka kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde bawa linaonekana limesimama, kwa sehemu 1 ya 30 linakuwa ukungu.

Kasoro zipo. Kamera ni chache mno. Kundi zima linagawana moja, na mtoto mpole anaishia kushika mfuko wa wenzake. Masomo ni ya Kiingereza. Msaidizi anafafanua kwa Kiluganda na Kiswahili, lakini asipokuwepo, watoto waliotoka Kongo juzi juzi wanaachwa nyuma, na hili linaniuma kwa sababu mikono yao ni hodari kweli. Halafu mvua za Machi hadi Mei: jua likikosekana, mara nyingi hakuna kipindi mbadala. Nimewaeleza wahusika haya yote ana kwa ana.

Ukimpeleka wako, mvalishe shati kuukuu. Ile buluu ikiingia kwenye sare ya shule, haitoki.