Udongo wa punje kwa bonsai: uzoefu wangu baada ya kunusurika kuiua fikasi

Nianze na kukiri: fikasi yangu, mti wa jamii ya mkuyu ninaoukuza kama bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni, niliiumiza mwenyewe. Nilipoihamishia chungu kipya nilikata zaidi ya nusu ya mizizi, nikaifukia kwa udongo wa kawaida wa bustani. Wiki haikuisha majani yakaanza kugeuka manjano. Wiki ya pili, nikigusa tawi tu yananidondokea kiganjani. Nikadhani ina kiu, nikazidisha maji. Kumbe mti uliopukutika majani hunywa maji kidogo sana. Nilipochomeka kijiti pembeni mwa chungu, kilitoka na tope jeusi lenye harufu ya uozo.

Nilikwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa bado kijani, basi nikapata moyo wa kununua mfuko wa udongo wa punje: akadama, yaani udongo wa mfinyanzi kutoka Japani, uliochanganywa na kokoto nyepesi za volkano.

Mfuko umeandikwa kwamba uko tayari kutumika. Hapo wametudanganya. Nilipouchekecha kwa chujio la jikoni, vumbi lilijaa bakuli zima. Ukiumimina udongo hivyo hivyo, vumbi hilo hushuka chini na kuziba matundu ya chungu, unarudi kwenye tope lile lile ulilolikimbia.

Ila ukishachekechwa, ni kitu kingine kabisa. Maji yanapita papo hapo, na hewa inabaki kati ya punje. Nilichokipenda zaidi ni rangi: akadama ikilowa inakolea, ikikauka inapauka. Siku hizi sibahatishi, natazama tu. Punje za juu zikipauka nachomeka kijiti, kikitoka kikavu ndipo namwagilia.

Haki isemwe, udongo peke yake haukufanya kazi yote. Mizizi iliyooza niliiondoa, matawi mawili makavu nikayakata, kisha nikalifunga shina kwa waya uliopita kwenye matundu ya chungu, maana mti ukiyumba hukatika vijizizi vipya kabla havijashika. Niliuweka kwenye kivuli chenye mwanga, nikaufunika kwa mfuko wa plastiki angavu ninaoufungua kila siku upate hewa. Mbolea sikuigusa kabisa. Mizizi yenye vidonda haiihitaji, inaunguzwa nayo. Kigumu kilikuwa kujizuia kuung'oa nione kunaendelea nini huko chini.

Siku ya 23 nikaona kichipukizi, chembamba kama ncha ya sindano, kwenye shina lenyewe, si kwenye tawi nililolitegemea.

Udongo huu naupa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeondoka na lile vumbi. Nitaununua tena, kwani akadama nayo humomonyoka baada ya miaka michache na itabidi kubadilishwa. Mti sasa una majani ya kutosha, isipokuwa upande wa kushoto, pale nilipokata yale matawi mawili, bado kuna pengo.