Kompyuta ya chuo kwa mwanafunzi wa Arusha au Moshi: ThinkPad, EliteBook au MacBook?

Wazazi wengi wanaoingia katika maduka ya kompyuta ya Barabara ya Sokoine hapa Arusha, barua ya udahili ya mtoto ikiwa mkononi, huanza kwa kuuliza ni kampuni gani yenye kompyuta mpakato imara, na muuzaji huwaonyesha ile aliyonayo kwa wingi. Ningependa swali la kwanza liwe la kozi. Mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha au wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi atashinda kwenye Excel, na Excel ya Mac haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, wala Microsoft Access, programu ya hifadhidata, haitengenezwi kabisa kwa ajili ya Mac. TallyPrime nayo, ya kutunzia hesabu za biashara, ni programu ya Windows. Anayekwenda Mweka kusomea usimamizi wa wanyamapori atakutana na kazi za ramani, na ArcGIS Pro hukaa kwenye Windows peke yake, ingawa QGIS, ambayo ni ya bure, hukubali Windows, Mac na Linux. Wa Chuo cha Ufundi Arusha anaweza kupata AutoCAD ya Mac kwa michoro yake, lakini Revit, ya kusanifu majengo, hataipata. Kijana wa udaktari pale KCMC, ambaye kwenye kompyuta kazi yake kubwa ni kusoma vitabu vya PDF, kuandika na kuandaa mawasilisho, ndiye mwenye uhuru mpana zaidi wa kuchagua.

Kwa walio wengi, basi, mfumo endeshi utakuwa Windows, na hapo ndipo penye mtego mkubwa wa sasa. Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali madukani bado kuna mashine nyingi za mtumba, zilizotoka maofisini huko Ulaya na Marekani, ambazo hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mfumo huo mpya unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha juu zaidi, ukiacha chache tu za kizazi cha 7. Kizazi husomwa kwenye jina lenyewe: katika i5-6300U tarakimu inayofuata kistari ni 6, na hiyo imeachwa nyuma, katika i5-8250U ni 8, na hiyo inapita. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani, na itawaka, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza anahitaji kifaa kitakachomfikisha mwaka wa mwisho.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaumiza mifuko ya watu wasio na fedha ya kupoteza. Mzazi huongeza fedha ili apate kibandiko cha i7, akiamini kwamba namba kubwa ndiyo nguvu, kumbe i7-6600U ina viini (cores) viwili vya kufanyia kazi na i5-8250U ina vinne. Fedha hiyo ni afadhali iongeze RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka 8GB hadi 16GB. Kwa sababu hiyo hiyo, HP EliteBook 840 G3, yenye gamba zuri la alumini linalovutia sana ikiwa imepanguswa na kupangwa kwenye kabati la kioo, siipendekezi tena kwa mwanafunzi wa Windows. Ni ya kizazi cha 6, na uzuri wake hauongezi umri wake.

Mashine ninayoipendekeza kwa moyo mmoja ni Lenovo ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018. Haina urembo: ni nyeusi, nene kidogo, na haimtambulishi mwenye nayo kuwa mtu wa fasheni. Ila kwa mazingira yetu, ambako umeme unaweza kukatika katikati ya kazi inayotakiwa kukabidhiwa asubuhi, imejaliwa kitu kimoja ambacho wenzake hawana: betri mbili. Moja imefungwa ndani, na nyingine hutolewa kwa nyuma kwa kusukuma vibanio viwili vilivyo chini. Kwa kuwa ile ya ndani inaendelea kuishikilia mashine, unaweza kuchomoa ya nje na kupachika nyingine iliyojaa bila kuizima kompyuta wala kupoteza mstari mmoja wa ulichokuwa ukiandika. Mwanafunzi mwenye betri ya akiba kwenye begi anaweza kwenda maktaba bila kugombea soketi. RAM yake ina nafasi mbili, SSD, yaani diski ya kuhifadhia, hubadilishwa kwa bisibisi, na ina tundu la HDMI la projekta, USB za kawaida za flashi, na hata tundu la waya wa mtandao. Kibodi yake ni nzuri kuliko ya nyingi ninazozijua, na anayeandika tasnifu ataishukuru. Kasoro yake kubwa ni kioo: baadhi ya matoleo yalikuja na kioo hafifu cha 1366 kwa 768, ambacho rangi zake hugeuka ukikitazama kwa pembeni, kwa hiyo ulizia chenye 1920 kwa 1080. Kagua pia tundu la USB-C linalotumika kuchaji, uhakikishe halichezi.

EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za rika moja na T480, zote zikipatikana na prosesa za kizazi cha 8 na zikiwa na nafasi mbili za RAM. EliteBook ni nyembamba na ina mvuto zaidi, Latitude ni ya wastani katika kila kitu, na zote mbili betri zake ziko ndani. Baina ya hizo mbili, chukua iliyo safi zaidi.

MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ni kompyuta bora kabisa kwa yule ambaye kozi yake haimfungi kwenye Windows na ambaye nyumbani wana uwezo. Ina uzito wa kilo 1.29, na Apple yenyewe huitaja kuwa na hadi saa 15 za matumizi ya intaneti kwa chaji moja. Haina feni kabisa, na hilo lina maana yake hapa Arusha, kwa sababu vumbi letu la kiangazi huingia katika mashine zenye feni na kuzifanya zipate joto hadi fundi azifungue na kuzisafisha. Lakini RAM yake haiongezwi baada ya kununuliwa, matundu yake ni mawili tu ya USB-C, hivyo flashi na projekta zitahitaji adapta, na ikiharibika kioo au bodi, gharama yake huwa nzito. MacBook za zamani zenye prosesa za Intel nisingemshauri mtu yeyote azinunue kwa ajili ya chuo, hata bei ikiwa ya kushawishi. Air ya 2017 iliishia kwenye macOS Monterey, na Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel.

Kuhusu zile kompyuta mpya za bei ndogo, zenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya 4GB na hifadhi ya 64GB, hizo 4GB na 64GB ndizo namba za chini kabisa ambazo Windows 11 inazikubali, na kukubaliwa si kufanya kazi. Masasisho peke yake yataibana hifadhi hiyo. T480 iliyotunzwa vizuri itamfaa mwanafunzi kuliko boksi jipya la namna hiyo.

Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa madukani. Ni ya bure, matoleo yake ya LTS, yaani ya muda mrefu, hutunzwa kwa miaka mitano, na virusi vya flashi vinavyozagaa kwenye kompyuta za steshenari, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, ni vya Windows na havina nguvu humo. Kwa anayesomea programu au uchambuzi wa data, ikiwa ni pamoja na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, ni shule yenyewe. Kwa mhasibu wa mwaka wa kwanza sitaisukuma, kwa kuwa waraka ulioandikwa kwa LibreOffice, programu za ofisi zinazotumika humo badala ya Microsoft Office, huweza kuvurugika mpangilio ukifunguliwa kwa Word. Anayeitumia na azoee kuchapisha kwa PDF. Mwenye RAM ya 16GB anaweza kubaki na Windows na kuendesha Ubuntu ndani yake kwa kutumia WSL, kipengele cha Windows cha kuendeshea Linux.

Ukifika dukani, usilipie kabla ya kukagua. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotengenezwa, kisha linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya mashine. Iwashe upya na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, kwani baadhi ya mashine za maofisini huja zikiwa zimefungwa kwa nywila ambayo muuzaji haijui. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa na mashine haisimamiwi na kampuni yoyote. Bonyeza kila herufi ya kibodi, washa kamera, unganisha Wi-Fi, chomeka flashi katika kila tundu. Kisha dai risiti iliyoandikwa namba ya mashine na muda wa dhamana, na duka lisilokubali kuandika hayo, toka uende la jirani.